“Dawa ya Samaki”: Uhakiki wa Hoja ya Mikamuo ya Mimea Tiba katika Ufugaji wa Samaki Mkoani Songwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja kwamba mikamuo ya mimea tiba inaweza kuchukua nafasi ya viuavijasumu katika kudhibiti magonjwa ya samaki wanaofugwa. Mkamuo hapa una maana ya kile kinachopatikana baada ya mmea kulowekwa, kuchemshwa, kusagwa au kukamuliwa ili kutoa viambato vyake. Uhakiki umejikita katika mazingira ya Mkoa wa Songwe, hususani nyanda za Mbozi na Ileje, bonde la Momba na mji wa mpakani wa Tunduma. Inadaiwa kwamba udhaifu mkubwa wa hoja hiyo hauko katika mimea yenyewe, bali katika neno “dawa”, ambalo huunganisha mambo matatu yaliyo tofauti: kuua vimelea ndani ya sahani ya maabara, kuimarisha kinga ya samaki mzima, na kumponya samaki mgonjwa aliyemo bwawani. Makala yanahitimisha kwamba mimea ina nafasi ya kweli katika kinga kupitia chakula, na kwamba nafasi hiyo itaonekana tu iwapo madai ya tiba yatapimwa kwa vigezo vya bwawa.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yako Vwawa, na eneo lake limegawanyika katika halmashauri za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Sehemu kubwa ya uchumi wake ni kilimo cha mahindi, maharage na kahawa, pamoja na biashara inayopita mpakani kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia. Ufugaji wa samaki umeingia katika uchumi huo kama shughuli ya pembeni: bwawa dogo lililochimbwa karibu na mto au chemchemi, likapandikizwa vifaranga vya sato, perege au kambale, likarutubishwa kwa samadi, na samaki wakalishwa pumba na mabaki ya jikoni. Kwa kaya ya namna hiyo, samaki 300 wakifa kwa wiki moja, kitoweo cha miezi kadhaa kimepotea pamoja na ada ya mtoto iliyokuwa ikitarajiwa kutokana na mauzo.

Magonjwa si jambo la kufikirika. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Alexanda Mzula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato wanaofugwa Tanzania, Mbeya ikiwa miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa, wakabaini bakteria Aeromonas hydrophila wenye jeni zinazohusishwa na ukali wa ugonjwa. Bakteria huyu huishi majini siku zote. Humshambulia samaki pale anapokuwa amechoka, amejeruhiwa au amesongamana na wenzake. Pamoja naye wapo Flavobacterium columnare anayeharibu ngozi na matamvua, aina za Streptococcus, na Saprolegnia anayeonekana kama pamba juu ya mwili wa samaki.

Mfugaji anayekutana na magonjwa haya ana njia chache. Duka la pembejeo lililo karibu huwa na dawa za ng’ombe na kuku, nayo oksitetrasaiklini iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku inaweza kumwagwa bwawani kwa kukisia. Hapo ndipo hoja ya mimea tiba inapopata nguvu yake. Mimea ipo, inajulikana na haihitaji fedha nyingi. Tena haihusishwi na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, jambo linalotishia afya ya binadamu na mifugo duniani kote. Uhakiki huu haukatai uzito wa sababu hizo. Unauliza jambo moja: pale andiko la kitaaluma linaposema kuwa mmea fulani ni dawa ya samaki, limethibitisha nini hasa?

2.0 Utata wa Neno “Dawa”

Katika Kiswahili, kirai cha “dawa ya” hufanya kazi mbili zinazopingana. Katika “dawa ya kikohozi”, “dawa ya kupe” na “dawa ya panya”, nomino inayofuata kiunganishi ni kitu kinachoondolewa au kuuawa. Katika “dawa ya ng’ombe”, “dawa ya watoto” na “dawa ya macho”, nomino hiyo ni mnufaika anayeponywa au kulindwa. Maana ya kwanza ndiyo iliyozaa misemo kama “dawa ya moto ni moto” na “dawa ya deni ni kulipa”: dawa ni kile kinachomaliza jambo. Maana ya pili ndiyo ya hospitalini.

“Dawa ya samaki” imesimama katikati ya maana hizo mbili. Mvuvi wa mtoni anayelitumia kwa siri anaweza kumaanisha majani yanayotwangwa na kutiwa majini ili samaki waelee. Mfugaji wa bwawa anamaanisha kitu cha kuwanusuru samaki wake. Muktadha huondoa utata huo katika mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa wasemaji wanafahamiana na wanajua wamesimama kando ya maji gani. Andiko la kitaaluma halina msaada huo. Hata hivyo, maandishi mengi kuhusu mikamuo ya mimea hulitumia neno “dawa” bila kutaja imepimwa kwa nani, kwa kiasi gani na katika maji ya namna gani. Msomaji huachwa ajaze mwenyewe, naye hujaza kwa matumaini.

Neno “asili” linaongeza tatizo hilo. Hutumika kama kinyume cha “kemikali”, kana kwamba kilichotoka mmeani si kemikali. Tofauti hiyo haisimami. Oksitetrasaiklini yenyewe, ambayo hoja ya mimea inakusudia kuiondoa bwawani, ilipatikana kwanza kutoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces rimosus, ikatangazwa mwaka 1950. Kwa kigezo cha chanzo, nayo ni ya asili. Kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo, mwili unaopokea na muda kiambato kinaokaa humo. Chanzo chake hakitoi jibu lolote kuhusu mambo hayo.

3.0 Utupa: Mmea Unaoisahihisha Hoja

Hakuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Utupa, unaojulikana kisayansi kwa jina la Tephrosia vogelii, ni kichaka chenye majani laini na maua meupe au ya zambarau kinachostawi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Malawi na Zambia. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia huuita ububa. Wakulima wameutumia kwa vizazi vingi: majani yake yaliyotwangwa hulowekwa, kisha maji yake hupakwa ng’ombe kuondoa kupe au hunyunyiziwa mahindi na maharage dhidi ya wadudu. Katika mashariki ya Zambia umepandwa pia kama mti wa kurutubisha mashamba yaliyopumzishwa, kwa kuwa ni jamii ya kunde na hurejesha naitrojeni ardhini.

Kwa vigezo vya maandishi yanayohakikiwa hapa, utupa una sifa zote za dawa njema. Ni wa asili, haununuliwi, umejaribiwa na wazee na unafanya kazi. Hata hivyo, miongoni mwa matumizi yake ya kale ni kuvulia samaki kwa sumu. Viambato vyake, rotenoni ikiwemo, huzuia seli kuitumia oksijeni ndani ya mitokondria. Samaki hupokea kiambato hicho moja kwa moja kupitia matamvua, ndiyo maana hufa kwa kiasi ambacho hakimdhuru mnyama aliyeyanywa maji hayohayo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na katazo hilo halibagui sumu ya kiwandani na ya porini.

Mfano wa utupa una mafunzo mawili kwa mhakiki. Kwanza, maarifa ya jadi ya maeneo haya kuhusu mimea na samaki hayakuwa, kwa sehemu kubwa, maarifa ya kuwatibu samaki. Samaki wa mtoni hakuwa mfugo; alikuwa windo. Andiko linalodai kuwa jamii imetumia mmea fulani “tangu enzi” linapaswa kusema umetumika kwa ajili ya nani. Mmea uliomtibu binadamu tumbo au ng’ombe ngozi hauna historia yoyote ya kumtibu samaki, na kuihamisha sifa hiyo bila kuipima ni kosa la kimantiki. Pili, kiambato kinachoua kiumbe kimoja majini kinaweza kuua na kingine. Mwarobaini, ambao hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, unaweza kuharibu matamvua ya samaki kipimo kinapozidi. Andiko linaloripoti bakteria waliokufa bila kuripoti samaki waliopona limejibu nusu ya swali.

4.0 Kutoka Sahani ya Maabara hadi Bwawani

Utafiti wa aina hii hufuata mkondo unaotabirika. Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika ethanoli au methanoli, kisha kimiminika hukaushwa hadi kubaki unga au lami nzito. Unga huo huyeyushwa, hutiwa katika vidonge vya karatasi, navyo huwekwa juu ya sahani iliyooteshwa bakteria. Baada ya saa 24 duara tupu kuzunguka karatasi hupimwa kwa milimita. Duara likionekana, hitimisho huandikwa kwamba mmea una uwezo wa kutumika kama kiuavijidudu asilia katika ufugaji wa samaki.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye kasoro. Ukubwa wa duara hutegemea pia urahisi wa kiambato kusambaa katika ute wa sahani, hivyo hauwezi peke yake kulinganisha mmea mmoja na mwingine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kiasi cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuzaliana. Mwaka 2005 Ríos na Recio, katika mapitio yao ya tafiti za mimea tiba, walishauri kwamba mikamuo isiyofanya kazi hadi ivuke miligramu 1 kwa mililita isihesabiwe kuwa na nguvu. Ushauri huo ulikusudiwa kupunguza madai, lakini kwa mfugaji wa samaki hata kiwango hicho cha miligramu 1 kingali juu mno, kama hesabu rahisi inavyoonyesha.

Chukua bwawa lenye urefu wa mita 15, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 1. Lina mita za ujazo 150, yaani lita 150,000. Ili maji hayo yote yawe na miligramu 1 ya mkamuo kwa kila mililita, zinahitajika kilo 150 za mkamuo mkavu. Ikiwa kila gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za mkamuo, bwawa hilo linahitaji kilo 1,500 za majani makavu. Ikiwa robo tatu ya uzito wa jani bichi ni maji, mfugaji atavuna tani 6 za majani mabichi kwa ajili ya dozi moja. Hakuna kijiji kitakachovuna miti kiasi hicho kwa ajili ya bwawa moja, na ethanoli ya kulowekea majani hayo ingegharimu kuliko samaki wote waliomo.

Mfugaji hatafanya hivyo. Atachukua ndoo mbili za majani, atayatwanga na kuyamwaga. Kwa kiasi hicho bakteria hawatadhurika, lakini majani yataoza, na uozo hutumia oksijeni. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi tayari hupungukiwa oksijeni kuelekea alfajiri, kwa sababu mwani wa kijani unaoizalisha mchana huitumia usiku. Samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji asubuhi na kufa kwa mkupuo mara nyingi wamekosa hewa, hawana maambukizi. Mfugaji anayewamwagia majani kwa kuamini kuwa ni ugonjwa anaongeza kile kinachowaua. Maandishi yanayoanza na bakteria aliyekwisha kutambuliwa maabara hayalioni tatizo hili, kwa kuwa mfugaji haanzi na bakteria. Anaanza na samaki aliyekufa.

5.0 Kitunguu Saumu: Ushahidi Wenye Nguvu na Mipaka Yake

Ingekuwa si haki kuishia hapo. Upo ushahidi mzuri, nao uko katika chakula badala ya maji. Mwaka 2006 watafiti wa Misri wakiongozwa na Shalaby walichapisha jaribio la kuwalisha sato kitunguu saumu kwa viwango vya gramu 10, 20, 30 na 40 kwa kila kilo ya chakula, wakiwalinganisha na samaki waliopewa kloramfenikoli. Mwaka 2009 Nya na Austin waliripoti kwamba samaki aina ya trauti waliolishwa gramu 0.5 au 1 ya kitunguu saumu katika kila gramu 100 za chakula kwa siku 14, kisha wakaambukizwa Aeromonas hydrophila, vifo vyao vilishuka hadi asilimia 4, ilhali katika kundi lisilopewa kitunguu vilifikia asilimia 88.

Tofauti ya gharama kati ya njia hii na ile ya kumwaga majini ni kubwa mno. Bwawa lililotajwa hapo juu likiwa na samaki 300 wenye wastani wa gramu 150 kila mmoja, uzito wa samaki wote ni kilo 45. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao, watakula kilo 1.35 kwa siku. Kitunguu saumu cha asilimia 1 ya chakula hicho ni gramu 13.5 kwa siku, sawa na gramu 189 kwa siku 14. Hicho ni kiasi ambacho kaya yoyote ya Mbozi au Tunduma inaweza kukinunua sokoni.

Hata hivyo, jaribio la Nya na Austin lisomwe kwa mpangilio wake. Samaki walilishwa kitunguu kwanza, maambukizi yakafuata. Kilichopimwa ni uwezo wa mwili ulioandaliwa kabla, na matokeo yao yalihusisha mafanikio hayo na kuamka kwa kinga ya samaki. Samaki aliyekwisha kuugua hakupimwa. Kuliita jaribio hilo uthibitisho wa tiba ni kulisoma kinyumenyume. Neno sahihi ni kinga, na kinga ina masharti yake: hutolewa kabla, kwa muda maalumu, kwa samaki mwenye afya anayekula vizuri.

Kuna sharti jingine linalotokana na kemia ya kitunguu chenyewe. Alisini, kiambato chake maarufu, haimo ndani ya punje nzima. Huundwa pale punje inapopondwa na kimeng’enya kukutana na kiambato kingine. Joto kali huharibu kimeng’enya hicho. Mfugaji anayepika uji wa pumba na kutia punje nzima za kitunguu ndani yake anapata chakula chenye harufu nzuri tu. Maandishi yanayopendekeza “kuchanganya kitunguu saumu katika chakula cha samaki” bila kueleza kwamba kipondwe, kiachwe kwa dakika chache, kisha kichanganywe na chakula kilichopoa, yameacha nje sehemu ambayo mfugaji anaihitaji zaidi.

6.0 Baridi ya Nyanda za Juu na Mpaka wa Tunduma

Majaribio mengi ya sato hufanyika katika matangi yenye joto la takribani nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, kwa kuwa humo ndimo sato hustawi. Nyanda za Mbozi na milima ya Ileje hazitoi joto hilo mwaka mzima. Mwezi Juni na Julai baridi ya usiku hupoza mabwawa, na maji yanaposhuka chini ya nyuzi 20 sato hupunguza kula na kinga yake hudhoofika. Ndio wakati Saprolegnia anapopata nafasi, hasa kwa samaki waliochubuliwa na wavu.

Hapa hoja ya chakula chenye dawa inakutana na kikwazo chake kikubwa: samaki anayehitaji zaidi msaada ndiye asiyekula. Kwa mazingira ya Songwe, jaribio la chakula cha mimea lililofanyika kwenye joto la nyuzi 28 pekee halitoi jibu kwa msimu wenye hatari zaidi. Linaweza kutoa mwongozo wa kuwaandaa samaki mwezi Aprili na Mei, kabla ya baridi. Huo ni mwongozo wenye thamani, nao unatofautiana kabisa na ahadi ya kuponya mwezi Julai. Bonde la Rukwa kwa upande wa Momba na Songwe lina joto zaidi, na mwarobaini hupendelea joto la namna hiyo kuliko ubaridi wa milimani. Hivyo hata ndani ya mkoa mmoja, pendekezo moja la mmea haliwezi kuwafaa wafugaji wote.

Mpaka nao una nafasi yake katika uhakiki. Mwaka 2007 ugonjwa wa vidonda unaosababishwa na Aphanomyces invadans, kiumbe kinachofanana na kuvu, ulithibitishwa katika mfumo wa mito ya Chobe na Zambezi, Zambia ikiwemo. Mwaka 2014 ulizuka katika vinamasi vya Bangweulu, ambavyo hupokea maji ya mto Chambeshi unaoanzia kaskazini-mashariki mwa Zambia, upande uleule unaopakana na Songwe. Ugonjwa wa aina hiyo ukiingia katika mito, hakuna mkamuo utakaoutoa. Kinachouzuia ni uangalifu wa vifaranga: wametoka bwawa gani, wamepitia maji gani, vifaa vya kuwabebea vimeoshwa na kukaushwa au la. Momba na mto Songwe wa kaskazini humwaga maji katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kulitoa. Kosa la bwawa moja la juu linaweza kuwa la ziwa zima. Maandishi yanayomfanya mfugaji aamini kwamba ana dawa nyumbani yanaweza kumlegeza katika jambo hilo moja ambalo halina mbadala.

7.0 Hoja ya Usugu

Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa mimea ni ya usugu wa vimelea. Mwaka 2012 utafiti uliofanyika Pakistan na Tanzania ulionyesha kuwepo kwa jeni za usugu miongoni mwa bakteria wa mazingira ya ufugaji mseto, yaani pale mabwawa yanapopokea mbolea ya kuku na mifugo mingine. Bakteria hao wanaweza kurithishana jeni na wale wanaomuugua binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na tangu hapo hamu ya mbadala wa mimea imeongezeka duniani.

Hata hivyo, ushahidi huohuo unaelekeza kwingine pia. Ikiwa usugu unaingia bwawani kupitia mbolea ya kuku waliopewa dawa, kumwongezea samaki kitunguu hakuufungi mlango huo. Mfugaji anaufunga kwa kuozesha mbolea kwanza, kwa kupunguza kiasi chake, na kwa kutotumia mbolea ya kuku walio katika matibabu. Vilevile, dai kwamba bakteria hawawezi kuzoea viambato vya mimea ni dai linalohitaji ushahidi wake lenyewe. Kiambato chochote kinachotumika kwa kiwango kidogo na kwa muda mrefu huwapa bakteria nafasi ya kujirekebisha. Mimea hupunguza usugu pale tu inapopunguza ugonjwa, na hivyo kupunguza haja ya kiuavijasumu.

8.0 Vigezo Vinavyopendekezwa

Kutokana na uhakiki huu, andiko linalodai kwamba mmea ni dawa ya samaki lipimwe kwa maswali matano. Kwanza, je, samaki wazima wamejaribiwa, na kiwango kinachowadhuru kimetajwa sambamba na kile kinachozuia bakteria? Pili, je, mkamuo umetengenezwa kwa maji na vyombo ambavyo mfugaji anavyo, au kwa methanoli ambayo hataipata wala hapaswi kuigusa? Tatu, je, mmea ulitolewa kabla ya maambukizi au baada yake, na je, neno lililotumika, kinga au tiba, linalingana na mpangilio huo? Nne, je, joto la maji na ubora wake vimeelezwa, ili msomaji wa Ileje ajue kama matokeo yanamhusu? Tano, je, gharama imehesabiwa kwa bwawa zima badala ya sahani?

Andiko lisilojibu maswali hayo bado linaweza kuwa na thamani kama hatua ya awali ya kemia ya mimea. Liitwe hivyo. Halipaswi kumfikia afisa ugani kama pendekezo, wala kumfikia mfugaji kama ahadi. Nchini Tanzania dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na msingi wa usajili ni uthibitisho wa usalama, ubora na ufanisi. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kuutaka uthibitisho huo kwa kidonge na kuusamehe kwa jani.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mjadala wa mimea tiba katika ufugaji wa samaki umebebwa na neno moja lililopewa kazi nyingi mno. Utupa unakumbusha kuwa kilicho cha asili kinaweza kumaliza samaki wote bwawani. Hesabu ya lita 150,000 inaonyesha kuwa kinachoua bakteria sahanini kinaweza kushindwa kabisa nje ya sahani, na hesabu ya gramu 189 za kitunguu saumu inaonyesha kuwa njia ya chakula iko ndani ya uwezo wa kaya ya kawaida, mradi itumike kabla ya ugonjwa. Kwa mfugaji wa Songwe, jani lililopondwa vizuri na kuchanganywa katika chakula cha mwezi Mei linaweza kuwa na faida. Maji safi, idadi ya samaki inayolingana na bwawa, mbolea iliyooza na vifaranga wanaojulikana walikotoka vina faida kubwa zaidi, na ndivyo vinavyolipa jani hilo nafasi ya kufanya kazi. Waswahili walikwisha kusema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kazi iliyobaki kwa watafiti wa mimea na samaki ni kuacha kuviita viwili hivyo kwa jina moja.